Baiskeli Isiyo na Karia

Nichekeni tu. Busia nzima imeshanicheka, kuanzia wabadilishaji pesa wa mpakani mpaka wauza omena wa sokoni, sembuse ninyi. Lakini mkishacheka mnisikilize, kwa sababu mnachokicheka sicho kinachonila moyo. Watu wananicheka kwa sababu nilimsukuma Egwang. Kinachonitesa mimi ni neno moja nililolitamka baadaye, mchana kweupe, mbele ya mama yake mzazi.

Naitwa Nusura. Baba yangu ni Mzee Edris, anauza spea za baiskeli hapa Busia, barabara ya kwenda mpakani, na mimi ndiye ninayekaa dukani naye. Egwang tulimjua kwa spoku, zile nyaya za gurudumu. Kijana wa Kiteso kutoka Amukura, alikuwa akivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli, na kila wiki alikuja kununua spoku. Moja. Wiki ijayo, moja tena. Baba alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Huyu kijana ana miguu ya chuma, lakini baiskeli yake ina laana." Laana ilikuwa mimi. Mwaka mzima na nusu alinunua spoku asizozihitaji ili tusemezane maneno kumi, na mimi nilikuwa nikizitafuta taratibu kwenye kasha ili yawe ishirini.

Baba hakujua. Asingekubali, sisi ni Waislamu na Egwang ni Mkristo. Dada yangu Ziada aliolewa na Mkatoliki wa Butula bila idhini, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Picha yake ilitolewa ukutani, ukabaki msumari. Kila nilipomfikiria Egwang, niliuona ule msumari.

Halafu yakaja mashindano ya baiskeli. Mwaka wa sabini na nne, siku nne, kutoka Kisumu mpaka Busia, na waendeshaji waliokuwa wakilipwa mshahara wa mwezi. Watu wetu hawakuamini. Kulipwa kwa kuendesha baiskeli, sawa, hapa Busia ndiyo kazi ya vijana wote. Lakini kulipwa bila kubeba mtu nyuma? Egwang akachukuliwa na timu moja ya Nairobi kwa majaribio. Akimaliza vizuri, anaandikwa kazi. Akiandikwa kazi, anakuja kwa baba na washenga na maneno ya heshima. Hivyo ndivyo tulivyopanga, na ndivyo alivyoniambia mara ya mwisho huku akichagua spoku.

"Na dini, Egwang? Baba atakuuliza dini."

"Aniulize. Mtu akiulizwa si anajibu?"

Kumbukeni maneno hayo.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, siku ya mlima. Walitoka Malaba asubuhi na walitakiwa kumalizia juu ya Amukura, kwenye uwanja wa misheni. Baba, ambaye harusini hakai zaidi ya nusu saa, alifunga duka na kukodi nafasi kwenye lori ili tukaone. Alivaa kanzu mpya. Amukura tulikuta watu mpaka juu ya miti. Kina mama wa Kiteso walikuja na vibuyu vya maji ya kuwamwagia waendeshaji, mzee mmoja aliyeitwa Ikapel alikuwa na redio begani akiwaambia watu nani yuko mbele, ingawa redio yenyewe ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi.

"Egwang wa kwanza!" alipiga kelele Ikapel.

"Muongo wewe mzee! Wabwire wa kwanza!" walijibu watu wa Butula, waliokuja na ngoma zao.

Kumbe pande zote mbili zilisema kweli. Walitokea kwenye kona ya chini pamoja, Wabwire wa Butula na Egwang wetu, nyuma yao vumbi tupu. Sijawahi kusikia kelele za namna ile. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Maji yakamwagwa, mengine yakawapata polisi. Baba alipanda juu ya kichwa cha lori, kanzu mpya na yote, akavua kofia na kuipunga.

"Egwang! Mwanangu! Simama kwenye pedali! Simama!"

Mwanangu. Nilisikia kwa masikio yangu, nikacheka peke yangu chini pale kwa furaha.

Zilibaki kama hatua mia moja ndipo Egwang akaanza kuyumba. Wabwire alimpita. Gurudumu la mbele la Egwang likawa linakwenda kushoto, kulia, kushoto, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinipita karibu kabisa. Hakuniona. Nilisikia akihema kwa sauti ya kulia.

Sasa ninyi msiotoka kwetu niwaeleze. Amukura mtu akipandisha baiskeli yenye mzigo, hupiti bila kumsukuma. Hata kama una haraka, hata kama ni adui yako. Unaweka mkono kwenye karia, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo, unasukuma mpaka kilele, mnasalimiana, kila mtu anakwenda zake. Mimi mwenyewe nimesukumwa pale nikiwa na gunia la mihogo. Kwa hiyo miguu yangu ilitoka kabla ya akili. Leso yangu ikaanguka, nikaiacha. Nikanyoosha mikono kushika karia.

Baiskeli ya mashindano haina karia.

Mikono yangu ikatua mgongoni kwa Egwang. Pale chini, karibu na kiuno, jasho tupu. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, mbele ya dunia nzima, na umati ukalipuka kwa shangwe. "Sukuma! Sukuma dada!" Egwang akampata Wabwire, akampita, akawa wa kwanza kuvuka utepe. Watu walimwinua juu, na nilikuwa nikicheka na kulia kwa pamoja nilipoisikia firimbi.

Jaji alikuwa mtu wa Nairobi, mrefu, amevaa kofia nyeupe. Alishuka kwenye pikipiki, akawatenganisha watu, akaninyooshea kidole.

"Wewe dada. Njoo hapa."

Kelele zikapungua. Egwang alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, mama yake, Mama Amoding, akimwagia maji kichwani. Mama huyo nilishakula kwake mara mbili kwa siri. Alinitabasamia.

"Unamjua huyu mwendeshaji?" jaji aliniuliza.

Nilitaka kujibu. Wallahi nilitaka. Lakini nikainua macho, na huko nyuma ya kofia za watu nikamwona baba anashuka kwenye lori, kofia bado mkononi, uso wake umekunjamana kama anayesoma maandishi madogo. Alikuwa akiniangalia mikono. Nikauona msumari.

"Simjui," nilisema.

"Humjui?"

"Simjui, bwana. Hapa kwetu kila mtu husukumwa. Ningemsukuma yeyote."

"Kweli hiyo!" alidakia Mzee Ikapel. "Wewe mgeni, hapa hata padri amesukumwa!"

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akamgeukia Egwang.

"Na wewe? Huyu dada unamjua?"

Egwang aliinua kichwa. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni. Aliniangalia kwa muda, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado namwangalia baba.

"Namjua," alisema.

"Kijana, fikiri kabla ya kujibu. Asubuhi pale Malaba niliwasomea sheria."

"Nilisikia."

"Basi nairudia wote wasikie. Mwendeshaji akisukumwa na shabiki asiyemjua, namwongezea dakika mbili tu. Akisukumwa na mtu wake, namtoa mashindanoni. Nakuuliza tena. Unamjua?"

Hapo ndipo mimi nilipoijua sheria hiyo. Sikieni vizuri: nilipojibu, sikuijua.

"Namjua," alisema Egwang. "Anaitwa Nusura. Ni mtu wangu."

Jaji akainama akafungua pini, akaondoa namba yake, kumi na saba, mgongoni kwa Egwang, mahali palepale nilipoweka mikono yangu. Alifanya taratibu. Nadhani hata yeye aliona haya.

Umati ukachafuka. Watu wa Butula walipiga ngoma, Wateso wakataka kumpiga jaji, wengine wakamgeukia Egwang mwenyewe. "Mjinga! Msichana amekuokoa, wewe unajichongea!" "Dada ana akili kumshinda mwanamume!" Mwanamke mmoja alinipigapiga begani akisema, "Ulijaribu, mwanangu. Ulijaribu." Na Mama Amoding akaja akanikumbatia mbele ya watu wote, maji ya kibuyu yakinilowesha.

"Asante," aliniambia sikioni. "Ulidanganya kwa ajili yake. Sitasahau."

Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Nilisimama pale nimekumbatiwa, nikisifiwa kwa akili nisiyokuwa nayo, na sikuweza kufumbua mdomo kusema, "Mama, sikumwokoa mwanao. Nilimkana kwa sababu ya kumwogopa baba." Nilimwacha anishukuru. Hata nikaitikia, "Usijali, Mama." Nikikumbuka hilo "usijali" natamani ardhi inimeze.

Baba alisema maneno mawili tu. "Panda lori."

Jumapili jioni nilipompelekea chai, aliuliza bila kuniangalia, "Ni yule wa spoku?"

Mngedhani sasa ningesema. Wapi! Nilisimama na sinia mkononi mpaka chai ikapoa, nikanyamaza. Baba akatikisa kichwa, na ikawa mara ya pili namkana Egwang.

Jumatatu mvua ilinyesha alfajiri, na mchana barabara ya mpakani ilikuwa uji mtupu, malori yamepanga foleni mpaka mbele ya duka letu. Baba alikwenda msikitini kuswali adhuhuri. Nilikuwa napanga mipira ya tairi niliposikia kengele ninayoijua.

Egwang alikuwa amerudi kazini. Baiskeli yake ya zamani, ile nyeusi, nyuma imefungwa katoni nne za sabuni za kuvusha. Aliiegemeza ukutani, akaingia, akaweka kifurushi cha gazeti juu ya meza.

"Leso yako," alisema. "Mama ameifua."

"Asante."

"Anakusalimu. Anasema wewe ni msichana mwenye akili."

Nikashindwa kumwangalia. Nikaanza kuhesabu vali za tairi zilizokuwa mezani, kama kichaa.

"Egwang, mama yako hajui."

"Najua hajui."

"Sikuijua sheria ile. Niliposema sikujui, sikuwa nakuokoa."

"Najua pia."

"Umejuaje?"

"Nusura, ulipojibu ulikuwa unamwangalia mzee. Hukuniangalia mimi." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana. "Mwanzo nilifurahi. Nilijisemea, huyu mwanamke ni mwerevu, ngoja nami niseme simjui, tushinde. Neno lilikuwa limeshafika hapa." Aligusa midomo yake. "Halafu nikafuata macho yako, nikaona yanakokwenda. Nikasema, basi, mmoja wetu lazima amjue mwenziwe."

"Ungesema hunijui, ungeandikwa kazi!"

"Ningeandikwa. Halafu ningekuja kumwambia Mzee Edris nini? Kwamba yule nisiyemjua Jumamosi, leo nataka kumwoa?"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe palepale kwenye nyasi."

"Basi mbona huniangalii?"

"Naona haya," alisema. "Siyo haya ya kutolewa mashindanoni. Hiyo itapita, nina miguu, mwaka ujao upo. Ninaona haya kwamba nilisema ni mtu wangu mbele ya watu elfu, na mtu mwenyewe alikuwa ameshasema hanijui. Vijana wa stendi wananiita Egwang Bila Mtu. Nacheka nao. Nitafanyaje?"

Nilitaka kuuzunguka ubao wa meza nimshike. Mwanamume mmoja akaingia kuulizia pampu, nikamjibu hatuna, na pampu tatu zilikuwa zimening'inia juu ya kichwa changu. Alipotoka, Egwang alikuwa ameshafika mlangoni.

"Unataka spoku?" nilimuuliza.

"Leo hapana. Baiskeli ni nzima."

Akatoka. Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu mara tatu: Amukura, kwenye chai, na sasa namwacha aende zake eti kwa sababu mchana kuna watu.

Nilimwona kupitia mlangoni. Alipanda, akakanyaga pedali mara tatu, gurudumu la nyuma likazama kwenye matope mbele ya foleni ya malori. Katoni zikaelemea upande. Akajaribu tena akiwa juu ya kiti, likazama zaidi. Vijana wenzake waliokuwa wakingoja abiria chini ya kibaraza wakapata pa kuchekea.

"Egwang! Mwite yule asiyekujua aje akusukume!"

"Dada wa spea! Unamjua huyo?"

Madereva wa malori walitoa vichwa madirishani. Egwang aliinamisha kichwa na kucheka nao, kama alivyoniambia. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Niliruka juu ya mipira ya tairi, nikatoka miguu mitupu, matope mpaka kwenye vifundo.

Baiskeli hii ilikuwa na karia. Karia kubwa ya chuma, ningeishika kwa adabu zote, na hakuna mtu angekuwa na la kusema. Mkono mmoja nikauweka hapo. Wa pili nikauweka mgongoni kwake, palepale pa Jumamosi.

Alishtuka. "Nusura, watu wanaona."

"Waone. Kanyaga!"

Kibaraza kizima kikapiga mbinja. "Dada, unamjua huyo? Unamjua?" Wakaligeuza swali kuwa wimbo. Nilikuwa nimefungua kinywa niwajibu ndipo mbinja zilipokatika, moja baada ya nyingine, na nikasikia kandambili zikisimama nyuma yangu kwenye matope. Harufu ya udi wa msikitini ninaijua.

"Nusura," alisema baba. "Unamjua huyu?"

Sikugeuka. Msumari niliuona, sitawadanganya. Lakini safari hii nilimwangalia Egwang, kwa sababu alikuwa amegeuza shingo na ananingoja, na uso wake ulikuwa ule wa mlimani, wa mtu ambaye pumzi zimemwishia.

"Namjua, Baba," nilisema. "Tangu mwaka juzi. Ni mtu wangu."

"Jumamosi ulisema humjui."

"Jumamosi nilisema uongo."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Jana niliogopa kusema."

"Ulimwogopa nani? Jaji?"

"Wewe, Baba."

Lori moja lilizima injini. Nilipopata moyo wa kugeuka, baba hakuwa akiniangalia mimi wala Egwang. Alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Mtu aliyepanda juu ya lori na kanzu mpya, akaita "mwanangu" mpaka sauti ikakauka! Nadhani ndiyo kwanza alikuwa akipiga hesabu ya nani aliyemwangusha Egwang wake pale mlimani. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiona haya. Sikujua kama nigeuze uso.

"Mzee," Egwang alianza, "nilitaka kuja kwako kwa heshima, na wazee wangu..."

"Nyamaza kwanza. Mzigo umelala kushoto. Nani alikufundisha kufunga mzigo hivyo?"

Baba alikunja kanzu akaichomeka kiunoni. Akavua kandambili, akaingia zaidi kwenye matope na kuushika ule mkono wangu uliokuwa kwenye karia. Akautoa, akautia kandambili nizishike, akaweka wa kwake.

"Msidhani nimekubali kitu," alisema, bila kumwangalia yeyote. "Dini bado ipo, na Ziada bado yupo, na maneno yapo mengi. Nasukuma mzigo tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina la Ziada kinywani mwake kwa miaka mitatu. Nilisimama nimeshika kandambili kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa bado mgongoni kwa Egwang, na baba aliuona, na hakuniambia niutoe.

"Kanyaga, kijana," alisema.